Wanaume wa kwetu hawafiki hamsini na tano: tumepima mafuta ya damu, majibu ndiyo haya (uzi mrefu)

Mwana_Kibokoni (mwanzisha uzi)

Assalam aleikum, na wengine hamjambo. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite.

Kwetu ni Mji wa Kale, Mombasa. Nasaba tunaijua: ukikaa barazani na wazee utahesabiwa babu kwa babu mpaka yule aliyeshuka na jahazi. Lakini uliza babu alikufa na nini, utaambiwa siku zake zilifika. Uliza alikuwa na umri gani, watabishana kama ilikuwa kabla ya uhuru au baada.

Mwaka jana, baada ya kumzika binamu yangu, nilichukua daftari nikazunguka kwa mashangazi, maana wanawake ndio wanaokumbuka. Niliuliza mambo mawili tu: alikufa na miaka mingapi, na siku ile ilikuwaje. Yaliyotoka ni haya. Babu, arubaini na kitu, aliinuka kwenda kuswali alfajiri akashika kifua, akakaa chini, basi. Ami mkubwa, 46, alianguka kazini bandarini. Ami wa pili, 49, alilala hakuamka. Babangu, 51, kifua kilimbana kwenye matatu akitoka Kongowea. Binamu, 43. Wote wembamba. Hapo ndipo watu walipochanganyikiwa, kwa sababu hapa kwetu moyo ni ugonjwa wa mwenye kitambi. Mwembamba akifa ghafla ni jini la ukoo au husda ya nyumba ya urithi. Zinguo zimesomwa na makombe yamenywewa mpaka basi.

Sasa sikilizeni. Ami yangu mdogo ndiye muosha maiti wetu. Nilipomsomea daftari alinyamaza, kisha akaniita uani. Akaniambia: wote hawa mimi ndiye niliyewaosha, na wote nyuma ya kisigino, ile kano inayoshuka kutoka kwenye shavu la mguu, ilikuwa nene, na ndani yake mna vinundu vigumu kama kokwa za tende. Hakuwahi kumwambia mtu, kwa sababu muosha hasemi aliyoyaona. Akainua kanzu akanionyesha kisigino chake. Vile vile. Na kwenye vifundo vya vidole vya mkono pia.

Nikamshika mkono mpaka maabara. LDL yake, yaani ile kolesteroli mbaya, ilikuwa 8.1. Mtu wa kawaida hutakiwa awe chini ya 3. Yangu 6.9, dada yangu 7.2, kaka yangu wa mwisho 2.6, yeye kasalimika. Daktari wa moyo alitazama majibu, akatazama visigino, akauliza maswali yale yale ya daftari langu. Akasema hii ni kolesteroli ya kurithi, kwa kifupi wao huiita FH. Inatoka kwa mzazi mmoja tu, baba au mama, na kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuipata.

Nimeandika kwa sababu najua siko peke yangu. Kama kwenu kuna vifo vya namna hii, hebu semeni.

Yakhe_Tudor

Inna lillahi, poleni sana yakhe. Lakini niambie ukweli: ndiyo mwisho wa mahamri na mbaazi za nazi?

Mwana_Kibokoni

@Yakhe_Tudor mbaazi zenyewe ni nzuri, ugomvi ni lile tui zito. Ami amepunguza tui, mishkaki ya mafuta na viazi karai vya jioni. Amepunguza kweli, namwona. LDL ilishuka kidogo sana. Iliyoishusha hasa ni dawa.

Maabara_MwembeTayari

Mimi kazi yangu ni kupima damu, niongeze kidogo.

Ini lina vipokezi vinavyoikamata LDL kutoka kwenye damu na kuitoa. Mwenye FH kwa kawaida jini moja la vipokezi hivyo ni bovu (jini la urithi nasema, si yule wa makombe), kwa hiyo ana kama nusu ya vipokezi vinavyofanya kazi. Mafuta yanabaki yakizunguka tangu yuko tumboni mwa mamake. Ndiyo maana wembamba hausaidii. Mtu wa miaka 40 mwenye hali hii, mishipa yake imekaa kwenye LDL ya juu miaka 40 mizima. Waliogundua vipokezi hivi ni Michael Brown na Joseph Goldstein wa Dallas, Marekani, wakapewa Nobel mwaka 1985.

Si ugonjwa wa nadra. Ulimwenguni hukadiriwa mtu 1 kati ya 250. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 1,200,000 kaunti ya Mombasa. Tukiwa sawa na dunia, ni watu zaidi ya 4,800 hapa hapa. Wangapi wanajijua? Mimi nawaona wachache mno wakija.

Jambo jingine ambalo huwashangaza wateja. Watu hudhani damu ya mwenye kolesteroli nyingi ukiizungusha kwenye mashine itatoa maji meupe kama maziwa. La. Ule weupe ni wa trigliseridi, mafuta ya aina nyingine. Ya FH hutoka maji ya manjano, safi kabisa, huwezi kuijua kwa macho. Mpaka isomwe namba. LDL ya mtu mzima ikizidi 4.9 usikubali kuambiwa "punguza chipsi, nenda." Uliza kuhusu ukoo.

DawaAsili_Kongowea

Hizi dawa za hospitali za kumeza maisha zinaharibu ini na kumfanya mtu mtumwa. Kitunguu saumu, ndimu na tangawizi, asubuhi kabla ya kula, siku 40. Mlonge pia. Nimesaidia wengi, nina ushahidi, njoo inboksi.

Mwana_Kibokoni

@DawaAsili_Kongowea kitunguu saumu tunakula kila siku tangu enzi za babu, na babu ndiye huyo nimekuhadithia. Sikudharau, lakini leta majibu ya maabara ya kabla na baada, uyaweke hapa hapa, si inboksi.

Na kuhusu asili: hizi statini, yaani dawa tunazomeza za kushusha LDL, zilianzia kwenye kuvu. Mjapani Akira Endo aliipata ya kwanza miaka ya 1970 kwenye kuvu wa jamii ya penisilini. Ukitaka dawa ya asili, ndiyo hiyo.

Maudhi yapo, sitaficha. Mimi misuli ya mapaja iliuma, daktari akanibadilishia aina na kipimo, ikatulia. Ini hupimwa. Kwa dozi kubwa LDL inaweza kushuka kwa nusu hivi. Ami ilibidi aongezewe kidonge cha pili, ezetimaibu, sababu nusu ya 8.1 bado ni nyingi.

KocheTononoka

Uzi wa maana. Mimi nafunza watoto mpira, nataka kutaja moyo wa aina nyingine wa kurithi, usiohusiana na mafuta.

Wakubwa mtakumbuka Marc-Vivien Foé wa Cameroon. Tarehe 26 Juni 2003, mjini Lyon, nusu fainali ya Kombe la Mabara dhidi ya Colombia, alianguka katikati ya uwanja bila kuguswa na mtu. Miaka 28. Uchunguzi wa maiti ulionyesha misuli ya moyo imenenepa kupita kiasi. Hali hiyo hurithiwa, na huwapata kama mtu 1 kati ya 500. Wengi huishi nayo wasijue.

Kwangu mimi kijana akizimia *akiwa anakimbia*, simpi soda ya kurudisha nguvu nikamrudisha uwanjani. Mzazi ataitwa. Nitamuuliza kama kuna mtu kwao aliyekufa ghafla akiwa kijana, hata aliyezama baharini ilhali anajua kuogelea. Akisema yuko, mtoto hachezi tena mpaka apigwe ECG (kipimo cha umeme wa moyo) na eko (picha ya moyo). Wazazi wengine hunikasirikia, wanasema nawatafutia wana wao ugonjwa. Sijali.

Bint_Bondeni

Hilo la kuzama limenishtua. Sijawahi kulifikiria hivyo.

MamaBamburi

Na mimi niseme langu, maana mnazungumza wanaume wa hamsini na mimi wangu ana miaka tisa.

Mwanangu ana sikoseli. Sisi ni watu wa Kilifi, na kwetu watu wengi wanabeba chembe moja ya urithi ya sikoseli bila kuumwa, sababu anayebeba moja hulindwa dhidi ya malaria kali. Hilo alilionyesha daktari Anthony Allison aliyekulia hapa Kenya, mwaka 1954. Mimi nabeba, babake anabeba, na hatukujua. Wawili wanaobeba wakizaa, kila mimba nafasi ni 1 kati ya 4 mtoto apate zote mbili.

Nilijua habari za maumivu ya mifupa na kuongezwa damu. Hakuna aliyeniambia kuwa mtoto wa sikoseli anaweza kupata kiharusi. Wasipotibiwa, kama mmoja katika kumi hupata kabla ya miaka 20. Wangu alianza kuangusha kalamu. Mwalimu akaandika kwenye daftari kwamba mtoto amekuwa mvivu, hati yake imeharibika. Nyumbani nikamwona anafunga vifungo vya shati kwa mkono wa kushoto, na yeye ni wa mkono wa kulia. Kituo cha kwanza walimpa dawa ya maumivu tukarudi. Siku ya pili mdomo ukaenda upande.

Anatembea sasa, anakwenda shule, mkono bado mzito. Anakunywa dawa ya haidroksiurea kila siku na damu inaangaliwa. Kuna kipimo cha kichwa, dopla, ambacho hakichomi wala hakiumi. Kinapima kasi ya damu kwenye mishipa ya ubongo, na mtoto wa sikoseli kuanzia miaka 2 mpaka 16 anafaa apimwe kila mwaka. Kasi ikiwa juu anawekwa kwenye matibabu ya kuzuia kiharusi *kabla* hakijaja. Mwenye mtoto wa sikoseli anayesoma hapa, ukienda kliniki ulizia dopla kwa jina. Usingoje kuambiwa.

NesiMstaafu

@MamaBamburi pole mwanangu, na hongera kwa kuona vile vifungo. Wengi hawaoni.

Nimefanya kazi wodini miaka mingi, naomba wanangu mnisikilize kwa hili la kiharusi, maana nimeona mengi ya kusikitisha. Mdomo ukienda upande, mkono mmoja ukikosa nguvu, maneno yakivurugika ghafla, huo si upepo. Usimkande mafuta ya moto kwanza. Usimchome ncha za vidole kwa sindano "damu mbaya itoke", sijui ujinga huu umeingia kwa simu kutoka wapi. Usimpe chakula wala maji, maana koo linaweza kuwa limepooza na akapaliwa. Na aspirini usimpe nyumbani. Kifua kikibana ni habari nyingine, huko husaidia, lakini kiharusi hujui kama mshipa umeziba au umepasuka. Ukimpa aspirini aliyepasuka mshipa unamwongezea balaa. CT, ile picha ya ndani ya kichwa, ndiyo inayojua.

Dawa ya kuyeyusha donge la damu hutolewa ndani ya masaa manne na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya CT. Nakumbuka jamaa waliomleta mzee wao kutoka Likoni: walianza kwa mganga, kisha wakangoja mwana wa kiume atoke kazini ndio aamue, kisha foleni ya feri. Walipofika ilikuwa jioni, na alikuwa ameamka hivyo asubuhi. Kwa hiyo wa ng'ambo ya feri hasa, jueni leo ni hospitali ipi ina CT inayofanya kazi na ni nani mwenye gari. Na andikeni saa. Swali la kwanza mtakaloulizwa ni: mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi?

Bint_Bondeni

Shikamoo Nesi. Bibi yangu alipooza, mamangu ana presha, mimi nina 34 na juzi kwenye kupima bure nilikuwa 150 kwa 96. Na hii ni ya kurithi kama ya @Mwana_Kibokoni?

NesiMstaafu

Marahaba mwanangu. Presha hurithiwa lakini si kwa njia ile. FH huwa ni jini moja lenye nguvu. Presha ni majini mengi madogo madogo (Maabara kaniambukiza mzaha wake), kila mmoja anasukuma kidogo, kisha chumvi, uzito, kukosa usingizi na pombe kwa wanaokunywa vinamalizia. Ukoo unakupa mwelekeo. Na presha ndiyo inayoongoza kwa kusababisha kiharusi, kwa hiyo usiseme "ni ya kwetu" ukakaa nayo. Pima siku nyingine ukiwa umetulia, umekaa, mgongo umeegemea, hujatoka kupanda ngazi. Ikirudi hivyo hivyo nenda kliniki. Usimeze vidonge vya mamako.

Bint_Bondeni

😅 Umejuaje Nesi

BabaMajengo

Nina swali, na najua litaleta kelele. Sisi watu wa pwani tunaozana binamu. Mtoto wa ami na mtoto wa ami. Je, hii FH haitatumaliza?

Yakhe_Tudor

Haya, ndoa za watu hizo. Mzungu kaoa ng'ambo na bado anakufa moyo.

Maabara_MwembeTayari

@Yakhe_Tudor hebu mwache aulize. FH haihitaji ndoa ya binamu, mzazi mmoja anatosha, kwa hiyo kumuoa mtu wa mbali hakumalizi. Lakini baba na mama wote wakiwa nayo, mtoto mmoja kati ya wanne anaweza kuchukua majini yote mawili mabovu. Huyo huwa na kolesteroli ya kutisha tangu mtoto, vinundu vya ngozi vya manjano, na asipotibiwa anaweza kupata mshtuko wa moyo kabla ya miaka 20. Watoto hao ni nadra, ila panapooana ndugu kwa ndugu nafasi inaongezeka. Hesabu ya sikoseli ni hiyo hiyo.

Mimi sisemi watu wasioane. Naona aibu tunayoiweka mahali pasipo. Tunapeleka mshenga, tunauliza dini, tabia, kazi, mahari, mpaka nani aliwahi kugombana na nani mwaka gani. Kipimo cha damu cha sikoseli na cha mafuta tukikitaja tunaambiwa tumemtukana bibi harusi.

BabaMajengo

Hapo umesema. Shukran.

Maabara_MwembeTayari

Na si kila kitu cha kurithi ni kibaya, wallahi. Kuna jini linaitwa PCSK9, kazi yake ni kuvunja vile vipokezi vya ini. Mwaka 2006 Jonathan Cohen na Helen Hobbs wa Dallas walionyesha kwamba Wamarekani weusi waliozaliwa na jini hilo limekatika walikuwa na LDL ya chini maisha yao yote, na ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa pungufu kwa asilimia 88. Asili ya Afrika hiyo! Zikatengenezwa sindano za kuiga hali hiyo. Bei yake ndiyo kilio.

Mwana_Kibokoni

Nimewasoma nyote. Watu wamenifuata pembeni wakiuliza kama ami hakukosea kusema aliyoyaona akiosha. Hilo masheikh ndio wa kulijibu. Mimi nilimwambia: aibu ya maiti inasitiriwa, lakini kisigino kina aibu gani? Alicheka, mara ya kwanza tangu msiba. Sasa yeye mwenyewe ndiye anayewakagua wajukuu visigino kila wakitia udhu, mpaka wanamkimbia.

Kwa walioniuliza ninayotafuta kwenye daftari: mshtuko wa moyo kwa baba au kaka kabla ya miaka 55, kwa mama au dada kabla ya 65. Kano nene ya kisigino. Mviringo mweupe kuzunguka mboni ya jicho kabla ya miaka 45, kwa mzee hauna maana kubwa. Vinundu vya manjano kwenye kope. Lakini wengi hawana alama yoyote, dada yangu hana hata moja na LDL yake ni 7.2. Kipimo ndicho kinachosema.

Salama_Changamwe

Samahani nimechelewa kuingia. Watoto nao wanapimwa? Wangu wana miaka sita na kumi na moja. Na lazima walale njaa?

Maabara_MwembeTayari

Wanapimwa, hasa ikiwa mzazi ameshajulikana anayo. Wa kumi na moja mlete sasa, na wa sita pia anaweza. Dawa daktari huweza kuanza kufikiria kwenye miaka 8 mpaka 10, si lazima kungoja ukubwa. Kulala njaa si lazima kwa LDL ya kuanzia, mtoto anaweza kunywa chai yake. Trigliseridi zikionekana juu ndipo utaambiwa urudi bila kula.

Shangazi_wa_Lamu

Kumbe ndipo mlipo. @Mwana_Kibokoni mwanangu, umewahesabu wanaume wote, mpaka na visigino vyao. Sisi watoto wa kike wa babu yako je? Mimi nimepata watoto saba na hakuna aliyenipima.

Mwana_Kibokoni

Shikamoo shangazi. Haki yako kabisa. Wanawake moyo huchelewa kuwashika, ndiyo maana vifo vyao havikuonekana kama mkumbo mmoja, lakini wanairithi sawa na wanaume. Wewe ndiye wa kwanza kupimwa, kisha hao saba. Yule binti yako aliyeko Malindi anayenyonyesha, apimwe, ila akiambiwa aanze dawa amwambie daktari kwamba ananyonyesha, na akitaka kubeba mimba nyingine aseme kabla, sababu statini kwa kawaida husimamishwa wakati huo. Nitakupigia baada ya isha nikuelekeze pa kwenda. Na nahitaji umri wa mama mkubwa alipofariki, Bi mkubwa wa kule anasema 48, ami anasema 60.